Niliyoyaona Nilipochomwa Neva za Kiuno

Wanaosikia kwamba nilichomwa neva za kiuno, yaani mishipa ya fahamu, kwa joto la mawimbi ya redio ili kutuliza maumivu ya miaka mingi huniuliza kwanza kama sindano inauma, na nikiwajibu kwamba inauma lakini inavumilika, wengi hushusha pumzi na kuona kwamba wameshapata jibu walilolitaka. Kwangu mimi hilo ni jambo dogo katika safari nzima. Mgonjwa anayefikiria matibabu haya ana mambo mawili yanayostahili kumshughulisha zaidi: namna atakavyojibu maswali siku ya sindano ya majaribio, ambayo hutangulia uchomaji wenyewe, na namna atakavyozistahimili wiki za mwanzo baada ya kuchomwa, wakati ambapo mgongo unaweza kuuma kuliko ulivyouma siku aliyoingia hospitali. Meza ya chumba cha upasuaji iko katikati ya mambo hayo mawili, na mtu akiwa juu yake hana kazi kubwa zaidi ya kulala kimya na kusema kweli anapoulizwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Mombasa, na maumivu yangu yalikuwa ya aina ambayo walimu wengi wa rika langu wanaijua. Yalikaa chini ya kiuno pande zote mbili, kulia zaidi, yakashuka hadi kwenye tako na nyuma ya paja, lakini hayakuwahi kuvuka goti. Asubuhi niliamka nimekakamaa, nikalainika kidogo baada ya kuoga maji ya moto, kisha kusimama mbele ya darasa na kunyoosha mkono ili niandike sehemu ya juu ya ubao kukayarudisha yote. Kuinama hakukunisumbua sana. Kuinuka ndiko kulikoniumiza. Katika sala niliweza kurukuu bila shida, ila kuinuka kutoka kwenye rukuu na kusimama wima kulinikata pumzi, mpaka nikawa naswali juu ya kiti. Nilimweleza daktari jambo hilo kwa aibu kidogo, nikidhani halihusiani na utabibu, naye akaacha kuandika, akaniomba nisimame na niegemee nyuma huku nikigeuza mwili upande wa kulia. Niliguna kabla sijamaliza. Akasema, "Mwalimu, hilo la sala limenisaidia kuliko picha hizi."

Picha zenyewe zilikuwa zimenitia hofu. Ripoti ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ilitaja diski (vito laini vilivyo kati ya pingili) zilizokauka, nyingine iliyotuna, na viungo vilivyochakaa, na jamaa walioisoma walikwisha kuniona ni mtu wa kupasuliwa. Baadaye nilielewa kwa nini madaktari wa maumivu hawazitegemei sana picha hizo. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, uligundua diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye umri wa miaka 80. Uchakavu huja na umri kama zinavyokuja mvi, na picha haiwezi kukuambia ni sehemu gani kati ya zote zilizochakaa ndiyo inayokuliza usiku.

Inafaa nieleze kinachochomwa, kwa sababu nimekutana na watu wanaodhani kwamba ni uti wa mgongo wenyewe. Kila pingili ya mgongo imeungana na mwenzake kwa diski iliyo mbele na kwa viungo vidogo viwili vilivyo nyuma, kimoja kulia na kimoja kushoto, vyenye gegedu kama viungo vingine vya mwili. Viungo hivyo vikichakaa au kuvimba, habari ya maumivu husafirishwa na neva nyembamba zinazotambaa juu ya mfupa, na kila kiungo huhudumiwa na neva mbili. Viungo viwili vinavyofuatana hushiriki neva moja, ndiyo sababu mtu anayetibiwa viungo viwili upande mmoja, kama nilivyotibiwa mimi, huchomwa neva tatu upande huo. Neva hizo haziendi mguuni wala hazibebi nguvu za mguu. Kazi yake ni kupeleka hisia za kiungo na kuendesha misuli midogo ya mgongo iliyo karibu nazo. Kwa hiyo zinaweza kuchomwa bila mtu kulemaa. Lakini kiungo chenyewe hakitengenezwi. Uchakavu unabaki pale pale ulipokuwa, na kinachokatika ni ujumbe tu, tena kwa muda. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu ambaye diski yake inabana neva ya mguu, akahisi umeme unaoshuka chini ya goti hadi kwenye vidole, hatapata faida kwa uchomaji huu, na akiahidiwa kwamba atapata ni vyema atafute daktari mwingine amsikilize.

Sikukimbilia sindano. Nilimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, mpaka tumbo likagoma, nikafanya mazoezi kwa mtaalamu wa fiziotherapia, nikakandwa, nikapigwa hijama (kuumikwa), na kila kimoja kiliniletea nafuu ya kadiri yake kabla maumivu hayajarudi. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, uliotolewa mwezi Novemba mwaka 2016, unaweka masharti ambayo daktari wangu aliyafuata karibu yote: matibabu yasiyo ya upasuaji yawe yameshindwa, maumivu yawe 5 au zaidi katika kipimo cha 0 hadi 10, chanzo kikuu kiaminike kuwa ni sehemu zinazohudumiwa na neva hizo, na mgonjwa awe amepata nafuu kwa sindano ya majaribio. Sharti la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote.

Sindano ya majaribio ni dawa ya ganzi peke yake, kiasi cha nusu mililita au chini ya hapo, inayowekwa kwenye kila neva kwa kuongozwa na eksirei. Haitibu chochote. Inauliza swali moja: neva hizi zikinyamazishwa kwa saa chache, je, maumivu ya mtu huyu yanaondoka? Ili swali hilo liulizwe vizuri, nilikatazwa kumeza dawa ya maumivu asubuhi ile, kwa kuwa mtu aliyefika bila maumivu hana cha kupimwa. Nilikatazwa pia dawa ya usingizi, kwani inaweza kulegeza mwili mzima na kuharibu jibu. Kisha, baada ya sindano, niliambiwa nisikae kitako kwenye benchi nikisubiri kuitwa, bali nifanye yale yale yanayoniumiza, na kila nusu saa niandike namba kwenye karatasi niliyopewa. Mimi na binti wa dada yangu, aliyenipokea Nairobi nilikokwenda kutibiwa na kunihudumia muda wote, tulipanda na kushuka ngazi za hospitali, nikaegemea nyuma, nikageuka, nikanyoosha mikono ukutani mithili ya mtu anayeandika ubaoni. Adhuhuri niliswali kwa kusimama. Niliinuka kutoka kwenye rukuu ya kwanza nikingojea lile pigo la kulia, na halikuja.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijaona likiandikwa kwenye vijikaratasi vya hospitali. Sisi tumelelewa kujibu kwamba hatujambo hata tukiwa taabani, na kumshukuru aliyetuhudumia kabla hatujajua kama huduma yake imefaa. Kwenye ukumbi wa kusubiri alikuwapo mzee mmoja aliyechomwa sindano kama yangu, na muuguzi alipomwinamia na kumuuliza, "Mzee wangu, unaonaje?" alijibu papo hapo, "Alhamdulillah, nafuu kubwa, binti yangu," huku kiganja chake kikiwa kimeibana nyonga ya kushoto, na alipotaka kuinuka ilibidi ashike mkono wa mpwa wangu. Muuguzi alikuwa ameshageuka kwenda kwa mwingine. Sijui karatasi yake iliandikwa nini, lakini kama iliandikwa alichosema, basi neva zake zilichomwa kwa ushahidi wa adabu. Nilipofikiwa mimi nilijizuia nisiwe mwepesi wa shukrani. Aliuliza, "Mama, kutoka kumi, sasa ni ngapi?" Nikamwambia kwamba kiuno kilikuwa kwenye saba na sasa kipo kwenye moja, ila paja la kulia lilikuwa nne na bado ni tatu. Aliandika yote mawili, na daktari baadaye akanieleza kwamba paja huenda lina sababu nyingine ambayo uchomaji hautaigusa. Alisema kweli, hata leo paja lina siku zake.

Jaribio hilo lilirudiwa siku nyingine kwa dawa tofauti. Sababu ni kwamba sindano moja inaweza kudanganya: mtu hupata nafuu kwa matumaini tu, au kwa kupumzika, au kwa dawa iliyotambaa mahali pengine, na tafiti zimeonyesha kwamba udanganyifu huo si nadra hata kidogo. Dawa ya ganzi iitwayo lignokaini huisha nguvu baada ya saa chache, wakati nyingine iitwayo bupivakaini hukaa zaidi, kwa hiyo daktari hutazama kama muda wa nafuu unalingana na dawa iliyotumika. Mara ya kwanza nafuu yangu iliondoka kabla ya alasiri. Mara ya pili nililala nayo. Wagonjwa wengi hulalamikia kurudia huku, kwa kuwa ni gharama na ni safari, hasa kwa sisi tunaotoka mbali, na bima yangu nayo ilikataa kulipia jaribio la pili mpaka daktari alipoandika barua ya kueleza umuhimu wake. Mimi ningelilipia mwenyewe kama wangeendelea kukataa.

Kabla ya siku ya kuchomwa yapo mambo ambayo mgonjwa anapaswa kuyataja hata kama hakuulizwa. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema, wala asizikatize kwa uamuzi wake, kwa kuwa kukatiza kunaweza kumletea madhara makubwa kuliko sindano yenyewe. Aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo aseme, maana umeme wa mashine unaweza kukivuruga. Mwenye homa, kidonda au maambukizi ya aina yoyote ataahirishiwa, na mwanamke anayedhani ana mimba aseme kwa sababu ya eksirei. Mwenye kisukari aulize kama kuna steroidi yoyote (dawa kali ya kutuliza uvimbe) itakayochanganywa na dawa ya ganzi, kwani steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Siku yenyewe nililazwa kifudifudi, mto ukawekwa chini ya tumbo ili kiuno kinyooke, na bandiko pana la kurudisha umeme likabandikwa pajani. Dawa ya kusafishia ngozi ilikuwa baridi kuliko kitu kingine chochote chumbani mle. Kilichouma hasa ni sindano za ganzi ya ngozi, ambazo huwasha kwa sekunde chache kila moja, na baada ya hapo nilihisi zaidi msukumo kuliko maumivu, isipokuwa pale sindano kubwa ilipogusa mfupa. Daktari aliipeleka mbele kidogo, akatazama picha, akaigeuza, akatazama tena, na sehemu kubwa ya muda wote ilikwenda kwenye kutazama huko. Nilimuuliza baadaye kwa nini aliilaza sindano badala ya kuisimamisha wima. Jibu lake lilinipeleka kwa muuza mshikaki: chuma kikipata moto hupika nyama iliyokizunguka ubavuni, na mbele ya ncha yake hakifiki mbali. Sindano hii ni vivyo hivyo, kwa hiyo inapasa kulala sambamba na neva ili ichome kipande kirefu cha neva hiyo, kwani ikisimama itaichoma nukta tu au kuikosa kabisa. Daktari C. Norman Shealy wa Marekani alikuwa akitumia mawimbi ya redio kwa viungo hivi tangu miaka ya 1970, lakini njia halisi wanazopita neva hizi zilichorwa vizuri baadaye kidogo na mtaalamu wa anatomia wa Australia, Nikolai Bogduk, na uchomaji wa leo umejengwa juu ya michoro ya namna hiyo.

Kisha huja sehemu ambayo mgonjwa anahitajika awe macho. Mashine hupeleka kwanza umeme mdogo wa mapigo 50 kwa sekunde, nao ukiwa karibu na neva husikika kama mwasho au mbano ndani ya kiuno, mahali pale pale panapouma siku zote. Niliulizwa, "Wausikia? Uko wapi?" nikaeleza. Halafu hupelekwa umeme wa mapigo 2 kwa sekunde, na hapo misuli ya mgongo ilianza kurukaruka yenyewe kwa mdundo kama wa saa, jambo la ajabu lakini lisilouma. Daktari hakuutazama mgongo. Aliutazama mguu wangu, na muuguzi alikuwa ameweka mkono juu ya shavu la mguu huo. Mguu ukicheza, sindano iko karibu mno na neva kubwa na lazima irudishwe nyuma. Upande wa kushoto wangu ulicheza kidogo mara moja, nami nikasema kabla sijaulizwa, akairekebisha. Ndiyo sababu simshauri mtu aombe alazwe usingizi mzito kwa kuogopa: anayelala hawezi kusema kwamba umeme unashuka mguuni.

Baada ya kuridhika, huongeza dawa ya ganzi kupitia sindano ile ile, husubiri kidogo, ndipo mashine huwashwa. Ncha ya sindano hufika nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi na kukaa hapo kwa dakika moja na nusu hivi, na mashine hutoa mlio hafifu muda wote huo. Nilihisi joto na uzito, na kwenye neva moja ya kulia maumivu makali ya ghafla yaliyonifanya niite. Wakasimamisha, wakaongeza ganzi, wakaendelea. Zipo njia nyingine zinazotumia joto la chini zaidi, kama ile ya sindano inayopozwa kwa maji, na nyingine ya umeme wa kukatizakatiza ambao hauvuki nyuzi 42, na ni halali yako kuuliza utatumiwa ipi, kwa kuwa matokeo yake si mamoja. Kwa pande zote mbili ilichukua muda unaokaribia saa moja. Nilitoka kwa miguu yangu, mguu mmoja ukiwa mzito kwa ganzi hadi jioni, na ndiyo maana hakuna hospitali yenye busara itakayokuruhusu kuendesha gari siku hiyo.

Kwa saa za mwanzo ningeweza kuapa kwamba nimepona, na hapo ndipo wengi hupotoka. Nafuu ile ni ya ganzi. Ilipokwisha, kiuno kiliuma kwa undani, misuli ikakaza, nikawa nageuka kitandani kwa awamu. Wiki ya pili likaja jambo jingine: ngozi ya upande wa kulia, kwenye eneo linalotoshana na kiganja, ilianza kuwaka moto bila alama yoyote, nikashindwa kustahimili hata fundo la kanga kiunoni. Dada yangu aliposikia aliniambia kwa simu, "Dada, hao wamekuharibu," na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kukosa usingizi, karibu nimwamini. Kilichonishika ni kwamba nilikuwa nimeelezwa mapema. Neva iliyochomwa haifi kimya. Huweza kuwashwa na kukasirika kwa wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, na hali hiyo hupungua yenyewe, au hutulizwa kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na dawa anazotoa daktari. Nafuu ya kweli hutarajiwa kati ya wiki ya pili na ya nne, na kwa wengine huchelewa hata wiki ya sita. Anayejipima siku ya kumi atajikatia hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Hata hivyo, uvumilivu una mipaka yake, nami niliandikiwa mipaka hiyo. Homa, usaha au wekundu unaoenea mahali pa sindano, udhaifu wa mguu unaozidi badala ya kupungua, ganzi ya sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo na choo, hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja asubuhi. Ni nadra, lakini nadra si sawa na haipo.

Kwangu nafuu haikuja kwa kishindo. Nilikuwa soko la Kongowea, nimesimama muda mrefu nikibishana bei ya mbatata na mama muuzaji, ndipo nikatambua kwamba sijatafuta mahali pa kuegemea tangu niingie. Nilirudi nyumbani nikaitazama karatasi yangu: kiuno kimeshuka hadi mbili, paja tatu kama kawaida. Nikaanza kuswali kwa kusimama, kwanza sala za rakaa mbili.

Miezi iliyofuata ndiyo niliyoifanyia kazi zaidi, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu wengi huliacha. Neva zilizochomwa huendesha pia misuli midogo inayoshikilia pingili, hivyo misuli hiyo hudhoofika kiasi, na mgongo usiouma unaweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa ukiuma. Mtaalamu wa fiziotherapia aliniambia kwamba yale mazoezi yaliyonishinda mwanzoni yalinishinda kwa sababu ya maumivu, na sasa maumivu yameondolewa njiani kwa muda usiojulikana. Nilifanya mazoezi ya tumbo na mgongo sakafuni kila alfajiri baada ya sala, nikatembea kando ya bahari pale Mama Ngina jioni, nikapunguza mwili kidogo. Sioni faida ya kuchomwa neva kwa mtu ambaye hana nia ya kuutumia muda huo.

Wanaotaka kujua kama matibabu haya yamethibitishwa wajue kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 15 waliochujwa kwa sindano za majaribio kwa ukali sana, na baada ya mwaka mmoja asilimia 60 kati yao walikuwa wamepungukiwa na angalau asilimia 90 ya maumivu. Mwaka 2017 tafiti tatu kubwa zaidi kutoka Uholanzi, zenye wagonjwa 681, ziliona kwamba kuongeza uchomaji juu ya mazoezi hakukuleta tofauti ya maana. Waliozikosoa walisema kwamba wagonjwa wa maumivu ya viungo vidogo walipokelewa kwa jaribio moja tu na nafuu ya nusu. Mimi si mtafiti, lakini nikizisoma tafiti hizo pamoja namkumbuka yule mzee wa ukumbi wa kusubiri. Ukiwajaza kwenye hesabu watu ambao neva zao hazikuwa chanzo, uchomaji utaonekana hauna kitu. Na yule ambaye chanzo chake ni hicho hasa atanyimwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Muda wa nafuu nao hauna ahadi. Utafiti wa Australia wa mwaka 1996 kwa watu 24 wenye maumivu ya shingo baada ya ajali za magari ulionyesha kwamba kwa waliochomwa ilichukua siku 263, kwa mtu wa katikati ya orodha, kabla maumivu hayajarudi hadi nusu ya yalivyokuwa, na siku 8 kwa wale walioingiziwa sindano bila joto. Kwa kiuno hutajwa miezi sita hadi mwaka, wengine hufika miaka miwili. Neva huota upya, na ikiota hurudi na habari zake za zamani. Yangu ya kulia ilianza kunijulia hali mwaka wa pili, taratibu, kwanza kwenye ubao na kisha kwenye rukuu. Ya kushoto bado iko kimya.

Uchomaji unaweza kurudiwa, na kwa kawaida aliyefaidika mara ya kwanza hufaidika tena. Daktari amependekeza upande wa kulia pekee, na kwa kuwa maumivu ni yale yale mahali pale pale, hakuona haja ya sindano za majaribio safari hii. Mimi nimeomba moja, kwa lignokaini, na karatasi ya kuandikia namba. Amekubali, na tumepanga likizo ya Agosti, ili zile wiki mbaya ziishie nyumbani kabla shule hazijafunguliwa.